Upendi si Upendo: Jinsi Kaseti za Simba Zilivyopanda Kilimanjaro

Katika filamu ya The Lion King II: Simba's Pride kuna mahali panapoitwa Upendi. Rafiki, yule nyani mzee mwenye fimbo, anawapeleka huko Kiara na Kovu, simba wawili vijana wa koo zinazochukiana, ili wajue kwamba wanapendana. Mtazamaji wa Marekani anaambiwa kuwa Upendi maana yake ni mapenzi. Mtazamaji wa Moshi anasikia kitu kingine. Neno letu ni upendo. "Upendi", likitamkwa kama tunavyotamka mtaani, ile h ya mwanzo ikiwa imemezwa, ni "hupendi". Yaani Rafiki anamwambia Kovu wa watu: wewe hupendi.

Filamu hiyo ilitoka tarehe 27 Oktoba 1998, na huko Marekani haikupitia majumba ya sinema. Ilitengenezwa kwa ajili ya kaseti, iuzwe dukani na iingie moja kwa moja sebuleni. Disney walikuwa wameianza biashara hiyo mwaka 1994 kwa The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin, wakaona kwamba mzazi ambaye mtoto wake ameshampenda mhusika hahitaji kushawishiwa sana kununua sehemu ya pili. Kwa hiyo filamu iliyochota majina kwenye kamusi ya Kiswahili kuliko hata ile ya kwanza ilikuwa filamu ya deki. Na deki sisi wa Bara tulikuwa tunaijua vizuri, pengine kuliko tulivyoijua televisheni.

Tukizungumzia historia ya filamu Tanzania, kwa kawaida tunazungumzia majumba ya sinema. Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya hayo, Reel Pleasures (2018), na ukikisoma utatamani kurudi kwenye zile foleni za tiketi. Moshi nayo ilikuwa na Plaza yake. Lakini sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 80 tulikuta foleni zimeisha. Historia yetu imo kwenye kaseti nyeusi zilizoandikwa kwa peni ubavuni, na ndani yake kuna swali ambalo bado hatujalimaliza: mtoto wa Kitanzania anapoambiwa hadithi, aambiwe kwa lugha gani?

Kioo bila kituo

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri miaka 20 hivi. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, na kilichojulikana zaidi kilikuwa ITV ya Reginald Mengi, mtoto wa Machame, ambaye mwaka 2019 alirudishwa kuzikwa hukohuko kwao mlimani.

Sasa fikiria. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, mtu mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka uliofuata akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Televisheni zikaanza kuingia nchini miaka mingi kabla ya kuwepo kituo cha kurusha matangazo. Aliyenunua televisheni Moshi mwaka 1989 hakuinunua ili aangalie taarifa ya habari, kwa sababu haikuwepo. Aliinunua kwa ajili ya deki. Kwa familia nyingi za Bara, video ilitangulia na televisheni ikafuata. Katika nchi nyingi mambo yalikwenda kinyume cha hapo.

The Lion King ya kwanza iliingia kwenye sinema za Marekani Juni 1994, mwaka uleule wa ITV. Kaseti yake ilitoka huko tarehe 3 Machi 1995. Ziliuzwa zaidi ya milioni 30, na kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ndiyo kaseti ya filamu iliyouzwa kuliko zote. Zilizofika kwetu hazimo kwenye hesabu hiyo, angalau si zote. Nyingi zilikuwa watoto na wajukuu wa kaseti moja.

Desemba, deki inapanda mlima

Kama unawajua Wachagga, unajua habari ya Desemba. Watu wa Dar, Mwanza na Arusha wanarudi kwao, na mji wa Moshi unafurika magari kuelekea Kibosho, Marangu, Machame, Rombo na Old Moshi. Utani wa kwamba wanakwenda kuhesabiwa una umri mrefu kuliko wa kwangu. Wanaporudi hawaji mikono mitupu, na miaka ya 90 zawadi nzito kuliko zote ilikuwa televisheni na deki.

Vilipandishwa kwa mabasi, vimezungushiwa blanketi au kulazwa juu ya godoro, halafu vikabebwa kichwani kwenye vijia vya migombani ambako gari halifiki. Nyumba zenye umeme zilikuwa za kuhesabu. Ulipokosekana umeme, palitafutwa jenereta la kukodi au betri ya gari na televisheni ndogo. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa sinema ya ukoo mzima, na ya majirani pia. Watoto tulikaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na wazee walikuwa na viti vyao karibu na mlango, mbege mkononi, wakijifanya hawaangalii.

Tena hizo kaseti zilikuwa na mambo yake. Iliyotoka Marekani ilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, wakati deki na televisheni zetu zilikuwa za PAL. Ukiiweka kwenye deki isiyosoma mifumo yote, picha ilikuja bila rangi, au ilipanda juu mfululizo kama lifti. Ndiyo maana kaseti za Uingereza na za Dubai zilitafutwa zaidi. Ikishapatikana moja nzuri, fundi aliunganisha deki mbili kwa waya, moja inacheza, nyingine inarekodi. Kila nakala ilipoteza kidogo. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa na chenga kiasi kwamba manyoya ya Mufasa na nyasi nyuma yake vilikuwa kitu kimoja.

Hesabu ya dakika nayo ilitusaidia. Lion King ya kwanza ina dakika 88, ya pili 81. Jumla ni 169. Kaseti ya kawaida ya E-180 inabeba dakika 180. Yaani baba na mtoto, Simba na Kiara, walienea kwenye kaseti moja, zikabaki dakika kumi na moja za chenga tupu au za harusi ya mtu.

Wakati huohuo, Marekani, Disney walikuwa na desturi ya kuziondoa filamu zao madukani kwa miaka, wanazifungia, halafu wanazirudisha zikiwa adimu. The Lion King iliondolewa mwaka 1997, ikarudi mwaka 2003 ikiwa kwenye DVD. Huku kwetu habari hiyo hatukuisikia hata. Katika miaka ile sita ambayo mzazi wa Chicago hakuweza kuikuta mpya dukani, mtoto wa Kibosho aliiangalia kila Krismasi.

Sitajifanya kwamba ule haukuwa wizi wa kazi ya watu. Sheria yetu ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na stempu za kodi kwenye CD na DVD zikaja mwaka 2013, wakati wasanii wetu wenyewe walikuwa wameshaumia vya kutosha. Lakini ukweli wa kihistoria ni kwamba bila waya za yule fundi, filamu hiyo isingefika mlimani.

Steringi hafi

Kila aliyepitia kibanda cha video anaijua kanuni kuu: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini mwisho atarudi. Tulijifunza hilo kwa Wachina na kwa Wahindi. Sasa hapa tunaletewa katuni, kitu cha watoto, na kabla filamu haijafika nusu Mufasa anakufa. Hasemi neno la mwisho, hafufuki kwenye kona inayofuata. Nakumbuka ukimya uliotanda kwenye mkeka, na kaka mmoja akitangaza kwa uhakika kwamba huyo hajafa, subirini.

Wazee waliona tatizo lingine. Katika hadithi walizotusimulia jikoni, simba hakuwa mfalme mwenye hekima. Alikuwa mbabe mwenye njaa, na sungura alimfanya mjinga kila siku. Bibi yangu, aliyekuwa akitafsiriwa na shangazi wa kidato cha pili, aliuliza swali ambalo sijalisoma kwa mhakiki yeyote: "Sungura yuko wapi?" Hayupo. Katika Lion King wanyama wadogo wanainama, mtoto wa mfalme ananyanyuliwa juu. Ni hadithi ya ufalme, na wengi wameitaja kuwa binamu ya Hamlet. Hadithi zetu za sungura zilikuwa za mtu mdogo anayeishi kwa akili zake. Bibi aliendelea kuangalia, lakini nadhani alihesabu kwamba ile si hadithi ya huku.

Na mlima je? Mwanzoni mwa filamu tembo wanapita kwenye ukungu, nyuma yao umesimama mlima wenye theluji. Hapo palikuwa na kelele: mlima wetu huo! Halafu mmoja akauliza: Mawenzi imekwenda wapi? Watengenezaji walisafiri Kenya mwaka 1991 kutafuta mandhari, wakafika Hell's Gate, na mlima waliouchora ni ule wa kwenye picha za watalii zinazopigwa Amboseli: kuba la theluji, nyika tambarare, tembo. Ukisimama upande ule, Mawenzi iko kushoto mwa Kibo. Ukisimama Moshi iko kulia, na kati yako na theluji kuna msitu, migomba, kahawa, makanisa na watu zaidi ya unavyoweza kuhesabu. Katika filamu hakuna binadamu hata mmoja.

Majina

Sasa tuje kwenye lugha. Kwa mtoto anayejua Kiswahili, filamu ya kwanza ina simba anayeitwa Simba na rafiki anayeitwa Rafiki. Tulicheka, lakini tulifurahi pia. Pumbaa ametoka kwenye kupumbaa. Shenzi, kiongozi wa fisi, amebeba tusi ambalo wakoloni walilitumia kwa babu zetu. Sarabi, mama yake Simba, ana jina zuri kuliko wote: ni mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona mbele ya barabara wakati wa jua kali. Wengi wetu tulilijua neno hilo ukubwani, kwenye kamusi. Mitandaoni utakuta orodha zinazodai kwamba Nala ni zawadi kwa Kiswahili. Hapana. Zawadi ni zawadi.

Sehemu ya pili, ile ya kaseti, ndiyo inayonisumbua. Ukoo wa simba waliofukuzwa, wenye chuki na njaa, una Zira, Nuka, Vitani na Kovu. Kuzira ni kususa kwa hasira. Nuka haihitaji maelezo. Vitani ni kwenye vita. Kovu ni tafsiri ya Scar, jina la adui wa filamu ya kwanza. Binti wa mfalme, mwema, anayependwa na wote, anaitwa Kiara, jina ambalo si la kwetu. Sisemi kuna mtu alikaa chini akapanga Kiswahili kiwe lugha ya wabaya. Simba na Rafiki ni majina ya Kiswahili pia, na Kovu mwishoni anakuwa mwema. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeelewa maneno yale anaangalia filamu tofauti na mtoto asiyeyaelewa. Mmarekani anasikia majina matamu ya kigeni. Sisi tulikuwa tunasikia mama amemwita mwanawe Nuka.

Halafu hadithi yenyewe, maneno ya mapenzi, ya msiba na ya kutubu, yote yalikuwa kwa Kiingereza. The Lion King ilipotafsiriwa kwa lugha ya Kiafrika, ilitafsiriwa kwa Kizulu. Kiswahili kilibaki kwenye majina na utani. Mambo mazito yalisemwa kwa lugha nyingine.

Ungesema ni katuni tu. Lakini angalia ilifika wakati gani. Miaka hiyohiyo shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilianza kuota, na mkoa wa Kilimanjaro haukubaki nyuma. Wazazi waliojinyima kulipa ada waliiona kaseti ya katuni kuwa mwalimu wa ziada. "Angalia, usikie Kizungu kinavyosemwa." Tukaangalia. Tulijifunza Kiingereza kweli, na sitakikana kilichonisomesha. Ila pamoja na Kiingereza tulijifunza kitu ambacho hakuna aliyekitamka: kwamba lugha ya nyumbani ni ya kuitia watu na kufanyia utani, na lugha ya hadithi ni ile nyingine.

Aliyekaa pembeni ya televisheni

Kwa bahati nzuri kulikuwa na mtu wa kuziba pengo. Kwenye vibanda vya video aliitwa DJ. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka jina lake likawa jina la kazi yenyewe; watu walikwenda dukani kuulizia "ya Lufufu". DJ Mark alifuata njia hiyo. Mtafiti Matthias Krings, aliyeandika juu yao, aliifananisha sanaa yao na kugeuza wali kuwa pilau, na mfano huo unatosha. Msimuliaji anaongeza viungo. Anamtania mhusika, anaeleza jambo ambalo mwongozaji hakuliwaza, anamleta adui mpaka Manzese.

Wao walijulikana zaidi kwa filamu za mapigano na za Kihindi. Sebuleni, kwenye katuni, kazi hiyo ilifanywa na dada au shangazi aliyefika sekondari. Alishika rimoti, alisimamisha, alieleza, aliruhusu iendelee. Shangazi yangu alipofika kwenye Upendi alisita. Kisha akasema, "Wanakwenda sehemu inaitwa Upendo, hawa wamekosea." Akaendelea. Kwa sekunde tatu alikuwa mhariri wa Disney, bila mshahara, na sisi wote tukaipokea filamu ikiwa imesahihishwa.

Disney wenyewe walikuwa na habari nyingine na maneno yetu. Mwaka 1994 waliomba kusajili "Hakuna Matata" Marekani kama alama ya biashara ya nguo, wakaipata mwaka 2003. Maneno hayo watalii walikuwa wameshayazoea Mombasa tangu Them Mushrooms walipotoa Jambo Bwana mwaka 1982, na sisi Moshi hata hatuyatumii sana. Tunasema hamna shida. Mwaka 2018, filamu mpya ikikaribia, Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kupinga usajili huo, na watu zaidi ya laki moja wakatia saini. Kisheria usajili ule haumzuii mtu yeyote kuzungumza. Watu walijua hivyo na bado walikasirika, nami nadhani hasira yao haikuhusu fulana peke yake.

Mambo yamebadilika kiasi. Katika The Lion Guard, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2015, Kiswahili ni kingi na kimechaguliwa vizuri zaidi. Kuna kiboko mwema anaitwa Beshte. Lakini badiliko kubwa limetokea kwetu. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 ikitokea Dar es Salaam, katuni ya hesabu na sayansi inayowafundisha watoto kwa Kiswahili, kisha ikatafsiriwa kwenda lugha nyingine. Mwaka 2016 watengenezaji walewale wakaja na Akili and Me. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala, anaingia Lala Land, nchi ya ndoto yenye wanyama wanaozungumza. Binti huyo ana nyumba, ana wazazi, ana kitanda. Mlima sasa una watu. Watoto wa ndugu zangu wanamwangalia kwenye simu, na hakuna anayekaa pembeni kuwatafsiria.

Nafurahi, na bado namkumbuka yule wa kukaa pembeni. Sauti yake haikurekodiwa popote, na hata vitu alivyovishika vinapotea. Kaseti hazipendi unyevu wa mlimani; ukungu mweupe unaota kwenye utepe, na deki zinazofanya kazi ni chache kila mwaka. Nyingi zina historia mbili ndani yake, kwa sababu zilirekodiwa juu: Lion King ikakatwa katikati, ikaingia kipaimara cha mtu wa mwaka 1999, kwaya, keki, babu akitoa nasaha kwa Kichagga na Kiswahili, halafu ghafla Timon na Pumbaa wanarudi.

Basi Desemba hii mkipanda, fungueni lile kabati la chini ya televisheni kabla mtu hajalisafisha. Msitupe zile nyeusi zilizoandikwa kwa peni. Mtafuteni fundi mwenye deki, zihamishwe kwenye kompyuta. Na kama shangazi bado yuko, mwekeeni hapo kwenye Upendi, msikie atasemaje safari hii.